Ni Nani Waliomo Ndani ya Maji?

Maneno haya yalisemwa mbele ya watu wanaofanya kazi na maji: wapimaji, wavuvi, wasimamizi wa mitambo ya maji ya kunywa, walimu na wanafunzi wao. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.

Waheshimiwa, walimu wangu, ndugu zangu, na ninyi wanafunzi mliosimama mpaka mlangoni, asanteni kwa kuja.

Kabla sijafika mbali, naomba mtazame meza hii. Hapa pana chupa mbili za kioo, na zote mbili zina maji ya kijani. Nimezitikisa mkiniona, nikaziweka chini. Aliye nyuma ya ukumbi hawezi kuzitofautisha. Hata kipimo tunachokitegemea kila siku maabara, kipimo cha klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, asubuhi ya leo kimenipa namba zinazokaribiana sana. Lakini chupa hii ya kulia ina mwani wa kijani, chakula kizuri cha wanyama wadogo wa majini ambao nao ni chakula cha samaki. Hii ya kushoto ina sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na hawa wanatoa sumu inayoharibu ini, na ukiyachemsha maji haya sumu haitoki. Maji yanapungua kwa mvuke na sumu inazidi kukolea. Ziacheni zitulie. Nitazirudia nikimaliza.

Ninachotaka kuwaambia leo ni jambo moja. Maji yakibadilika, yakapata joto, yakapata mbolea, yakatulia au yakachafuka, tumezoea kuuliza: kijani kimeongezeka au kimepungua? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ni nani waliomo? Jamii ya fitoplanktoni hujibu mabadiliko kwa kubadilisha wakazi wake, na mara nyingi hufanya hivyo kabla kiasi chake hakijabadilika hata kidogo.

Fitoplanktoni ni viumbe wadogo mno wanaoelea majini na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Jina ni moja, lakini wanaoitwa kwa jina hilo si wa ukoo mmoja. Wengine ni bakteria, wengine ni mwani halisi. Wengine wana mkia wa kuogelea, wengine hawana hata njia ya kujisogeza. Bakteria aitwaye Prochlorococcus, aliyegunduliwa baharini miaka ya 1980, ana upana wa takriban mikromita 0.6. Ukiwapanga kwenye mstari, zaidi ya 1,600 wataenea ndani ya milimita moja. Na wapo sianobakteria wanaokaa kwa makundi makubwa kiasi kwamba unayaona kwa macho matupu, kama vumbi la kijani.

Uzito wao wote ukikusanywa haufiki asilimia 1 ya uzito wa mimea iliyopo duniani. Hata hivyo karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia unafanywa nao. Siri ni kasi. Mti huhifadhi ulichotengeneza kwa miaka. Fitoplanktoni hugawanyika, huliwa, hufa na kuzama, na kwa muda wa wiki hivi hazina yote ya baharini imekuwa mpya. Ndiyo maana msitu ukibadilika, mjukuu wako ndiye atakayeona vizuri. Maji yakibadilika, wewe mwenyewe utaona kabla mwezi haujaandama tena.

Mwaka 1961 mwanaikolojia G. Evelyn Hutchinson aliuliza swali lililowasumbua wengi baada yake. Maji ya ziwa yamechanganyika, hayana vichaka wala mashimo ya kujificha, na wote waliomo wanagombania vitu vichache vilevile: mwanga, naitrojeni, fosforasi na vingine vichache. Kwa hesabu za ushindani, aliye hodari kuliko wote angepaswa kuwamaliza wengine. Mbona basi unakuta aina makumi kwa makumi katika ndoo moja? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba maji hayatulii. Upepo unavuma, jua linapanda, mvua inaleta tope, na yule aliyekuwa anakaribia kushinda anajikuta katika mazingira yanayompendelea mwingine. Mimi naona jibu hilo ndilo ufunguo wa habari yote ninayoizungumza leo: wingi wa aina hizi umejengwa na mabadiliko yenyewe.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye ziwa moja, kwa sababu pale tunaona kila kitu kwa karibu. Ni Windermere, Uingereza. Kuanzia mwaka 1945 mtafiti John Lund alianza kuchota maji pale wiki baada ya wiki na kuhesabu waliomo. Aliyemvutia zaidi ni diatomu, aina ya mwani, iitwayo Asterionella. Ukiiweka chini ya hadubini unaona nyota: seli nyembamba ndefu, mara nyingi 8, zimeshikana kwa ncha ya ndani na kutawanyika kama miali. Kila seli imo ndani ya kisanduku cha silika, kitu kilekile kinachotengeneza kioo, na kisanduku kina pande mbili zinazoingiliana, upande mmoja ukiwa kifuniko cha mwingine.

Wakati wa baridi ziwa huchanganyika kutoka juu mpaka chini. Virutubishi vipo, lakini mwanga ni haba, na nyota zetu hukaa chache. Siku zinaporefuka huanza kuongezeka, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, mpaka lita moja ya maji inakuwa na mamilioni ya seli. Halafu ghafla zinakoma. Jua bado lipo, tena limezidi. Kwa nini zikome? Lund alipopima silika alikuta kwamba kila mara ilikuwa imeshuka mpaka karibu miligramu 0.5 kwa lita. Bandu bandu huisha gogo: kila seli mpya ilikuwa imechukua kipande chake cha kioo, na sasa hakuna cha kutengenezea kisanduku kingine. Seli zinazama, zikienda na silika hiyo sakafuni mwa ziwa.

Si silika peke yake. Lund na mwenzake Hilda Canter walionyesha pia kwamba kuna kuvu wadogo wanaozishambulia nyota hizo. Mbegu ya kuvu huogelea, hujibandika ubavuni mwa seli, huingiza uzi mwembamba ndani na kuinyonya mpaka libaki ganda tupu. Mwaka ambao kuvu wamewahi, kilele cha Asterionella huvunjika hata silika ikiwa bado ipo, na diatomu nyingine ambayo kuvu huyo hana haja nayo huchukua nafasi. Mtu anayepima klorofili peke yake hataona kitu hapo. Kiasi ni kilekile, mkazi ni mwingine.

Diatomu zikishazama, hufuata vijimea vidogo vyororo, vyepesi kukua. Hao huliwa upesi na dafnia, viroboto wa maji, ambao huzaliana kwa wingi na kuyachuja maji mpaka yanakuwa safi ajabu kwa wiki kadhaa katikati ya msimu wa kukua. Baada ya hapo wanaosalimika ni wale wasiolika kirahisi: wenye miiba, wenye ute, wenye nyuzi ndefu, wanaokaa kwa makundi makubwa. Na maji yakiwa ya joto, yametulia na yana fosforasi nyingi, sianobakteria hushika usukani. Mwaka 1986 kundi la watafiti wa maziwa waliuandika mfululizo huu kama mpangilio unaojirudia katika maziwa mengi ya kanda zenye baridi na joto kwa zamu. Kwenye maziwa ya tropiki zamu huongozwa zaidi na upepo na mvua kuliko urefu wa siku, lakini mantiki ni hiyohiyo: kila kundi hutumia hali iliyopo, na kwa kuitumia huiharibu kwa ajili yake na kumwandalia mwingine.

Naomba sasa niwaeleze jinsi nilivyojifunza mimi swali la "nani". Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kupima maji ya bwawa. Wiki mbili mfululizo klorofili ilitoka karibu sawasawa. Nikaandika "hakuna mabadiliko", nikatia saini, nikampelekea mama mmoja aliyekuwa mkubwa wetu wa kazi, mtu aliyekaa mbele ya hadubini kuliko miaka niliyokuwa nimeishi. Aliisoma karatasi, akaniambia, "Mwanangu, namba umeniletea. Haya, niambie ni nani." Sikuwa nimetazama. Akanirudisha maabara. Sampuli ya wiki ya kwanza, iliyohifadhiwa kwa iodini ya Lugol, nikaimimina kwenye kikombe kidogo cha kioo chenye sakafu nyembamba, nikaiacha usiku kucha ili kila kilichomo kitue chini. Asubuhi nikatazama kwa hadubini inayoangalia kutoka chini kwenda juu: diatomu, karibu tupu. Nikafanya vivyo hivyo kwa sampuli ya wiki ya pili. Uwanja wote ulikuwa nyuzi, nyuzi zilizonyooka kama nywele zilizokatwa. Planktothrix. Sianobakteria. "Hakuna mabadiliko" niliyotia saini ilikuwa mabadiliko makubwa kuliko yote ya mwaka ule, na watu walikuwa wanayanywa maji yale. Tangu siku hiyo sijawahi kusaini karatasi ya namba bila majina.

Nyuzi za jamaa huyohuyo ndizo zilizoonekana mwaka 1955 katika Ziwa Washington, pembeni mwa mji wa Seattle, Marekani. Profesa W. T. Edmondson alizitambua kama ishara, kwa sababu Ulaya maziwa kadhaa yaliyopokea maji taka yalikuwa yamepitia hatua hiyo kabla ya kuharibika kabisa. Angalieni vizuri jambo hili. Ziwa lilikuwa bado linapendeza kwa macho ya watu wengi. Aliyetoa habari ni mkazi mpya. Edmondson alieleza hadharani kitakachofuata endapo fosforasi ya maji taka itaendelea kuingia, na wananchi wakapiga kura kujenga mfumo wa kuyaelekeza maji taka kwingine. Kazi ilianza 1963 na kukamilika 1968. Mwaka 1963 sahani nyeupe tunayoishusha majini kupima uangavu ilikuwa inapotea machoni kwenye kina cha takriban mita moja tu. Baada ya fosforasi kupungua, nyuzi zile zilipungua mpaka katikati ya miaka ya 1970 zikawa si kitu.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 1976 dafnia wakajaa ziwani, na uangavu ukapanda zaidi ya ilivyotarajiwa. Nyuzi ndefu za sianobakteria huziba vichujio vya dafnia wanapokula. Nyuzi zilipoondoka, mojawapo ya vizuizi vyao ikaondoka. Kwa hiyo badiliko la wakazi lilileta badiliko la walaji, na walaji wakayabadilisha maji upya. Kwa maoni yangu hakuna ziwa lililotufundisha zaidi kuhusu thamani ya kutambua aina mapema.

Wakati Seattle wanajenga mabomba yao, kulikuwa na ubishi mkali kama fosforasi ndiyo ya kulaumiwa au ni kitu kingine, na viwanda vya sabuni vilikuwa na maslahi makubwa katika ubishi huo. David Schindler na wenzake huko Ontario, Kanada, waliumaliza kwa njia ambayo hata mtoto anaielewa. Mwaka 1973 walichukua ziwa dogo, Ziwa 226, wakaligawa katikati kwa pazia la plastiki. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia hivyohivyo, wakaongeza fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege inaonyesha ziwa moja lenye rangi mbili: nusu ina giza la maji ya kawaida, nusu imefunikwa na sianobakteria.

Naitrojeni nayo ina maneno yake. Wapo sianobakteria wenye uwezo wa kuichukua kutoka hewani. Ndani ya uzi mmoja, seli chache hugeuka, hujijengea kuta nene zinazozuia oksijeni, na kazi yao inakuwa hiyo tu, huku jirani zao wakiendelea na usanisinuru na kuwalisha. Ukiwaona hao wengi, maji yanakwambia kwamba naitrojeni imepungua ukilinganisha na fosforasi. Ukiona wale wasio na seli hizo, kama Microcystis, mara nyingi naitrojeni bado inaingia kutoka mahali fulani. Hii ndiyo sababu nasema majina ni kipimo. Sianobakteria ni neno la jumla. Jina kamili linakwambia ukatafute tatizo upande gani.

Ziwa Erie limetufundisha kwamba ushindi unaweza kuondoka. Baada ya Marekani na Kanada kutia saini makubaliano mwaka 1972, fosforasi ilipunguzwa na ziwa likapona kiasi cha kusifiwa duniani kote. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 Microcystis alirudi. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa fosforasi iliyoyeyuka, ile inayonyweka mara moja, iliyozidi kutoka mashambani hasa miaka yenye mvua kubwa za kabla ya majira ya joto. Na kulikuwa na mgeni ziwani, kome wadogo wenye mistari kutoka Ulaya, ambao huchuja maji, hula mwani wanaoupenda na kuyatema makundi ya Microcystis yakiwa hai. Mwanzoni mwa Agosti 2014 wakazi wa Toledo na vitongoji vyake, karibu watu nusu milioni, waliambiwa wasinywe maji ya bomba wala wasiyachemshe. Sumu aina ya maikrosistini ilikuwa imevuka mikrogramu 1 kwa lita, kiwango cha tahadhari cha Shirika la Afya Duniani. Siku mbili na zaidi mji uliokaa kando ya maji mengi hivyo haukuwa na maji.

Nirudi kwenye silika, kwa sababu kuna somo ndani yake ambalo wengi hulipita. Fosforasi inapoongezeka taratibu, wa kwanza kufaidi ni diatomu. Zinastawi, zinazama, na kila zinapozama zinazika silika chini. Mto unaoleta silika mpya hauongezi mwendo kwa sababu ya mbolea yetu. Silika hutoka kwenye miamba inayomomonyoka polepole. Basi baada ya miaka hazina inapungua, na diatomu, ambazo ndizo zilizofaidi mwanzo, zinakosa kioo. Claire Schelske na Eugene Stoermer walilieleza hilo kwa Ziwa Michigan mwaka 1971. Ziwa Victoria limepita njia hiyohiyo: kati ya vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vile vya miaka ya 1990, silika ya maji ya juu ilishuka mpaka takriban sehemu moja ya kumi. Aulacoseira, diatomu yenye ganda zito iliyokuwa mwenyeji mkuu, ikapungua sana. Nafasi ikachukuliwa na Nitzschia yenye ganda jembamba, na juu ya wote wakakaa sianobakteria. Yaani kitu kilichoongezwa ni fosforasi, lakini mkazi wa zamani aliondoka kwa kukosa silika. Usipowajua wakazi na mahitaji ya kila mmoja, hutaielewa habari hiyo hata upime fosforasi mara ngapi.

Na joto? Watu hunijia wakisema joto likizidi mwani utazidi. Si rahisi hivyo. Joto hufanya kazi yake kubwa kwa mlango wa nyuma. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya maji baridi na kukataa kuchanganyika. Katika ziwa lenye fosforasi nyingi utulivu huo ni zawadi kwa sianobakteria wenye vifuko vya gesi ndani ya seli, kwa sababu diatomu zinazama na wao wanapanda kwenye mwanga. Katika maji ambayo virutubishi vyake hutoka kilindini, utulivu huohuo ni njaa. Ziwa Tanganyika ni mfano wa wazi: tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji yake yamepata joto, yanachanganyika kidogo, na uzalishaji wa vijimea vyake umeshuka. Joto lilelile, maziwa mawili, majibu mawili yanayopingana. Kwa hiyo mtu akiniuliza joto litafanya nini kwenye maji yake, mimi namuuliza kwanza virutubishi vyake vinatoka wapi.

Baharini ni njaa hiyo inayotutia hofu zaidi. Maji ya juu yakifungwa mbali na kilindi, seli kubwa hushindwa mapema. Seli ndogo ina eneo kubwa la ngozi ukilinganisha na ujazo wake, hivyo hunyakua hata tone la mwisho la kirutubishi. Diatomu kubwa huwapisha wadogo wa jamii ya Prochlorococcus. Klorofili inaweza kupungua kidogo tu. Lakini diatomu kubwa huliwa moja kwa moja na wanyama wanaoliwa na samaki, wakati kiumbe wa mikromita 0.6 lazima apite kwa mlaji mdogo, kisha mlaji wa mlaji, kisha mwingine tena, na kila hatua hupitisha takriban sehemu moja tu ya kumi. Mvuvi anarudi na nyavu nyepesi, na kipimo cha kijani kinasema bahari haijambo. Pwani ya Peru huonyesha hili kila El Niño inapokuja na kudhoofisha maji baridi yanayopanda kutoka chini: diatomu hupungua, na dagaa wale maarufu wa Peru hupungua nyuma yao.

Kuna sehemu za bahari ambako naitrojeni na fosforasi zimejaa na bado maji ni maangavu. John Martin alisema kinachokosekana ni chuma, na mwaka 1993, miezi michache baada ya kifo chake, wenzake wakaenda karibu na visiwa vya Galápagos wakatia chuma baharini. Maji yakajibu. Jaribio la pili mwaka 1995 lilijibiwa kwa nguvu zaidi, na waliojitokeza kwa wingi walikuwa diatomu kubwa, wale ambao njaa ya chuma ilikuwa imewabana kuliko wote. Tuliona jambo la namna hiyo bila jaribio, moshi na majivu ya mioto ya Australia ya 2019 na 2020 yalipoanguka kwenye Bahari ya Kusini maelfu ya kilomita kutoka msituni, na vijimea vikachanua kwa miezi kadhaa mahali ambapo kwa kawaida si msimu wake.

Tangu mwaka 1978 tuna setilaiti zinazosoma rangi ya bahari. Nazishukuru kwa dhati, kwani hakuna meli inayoweza kuona yote hayo. Lakini kwa muda mrefu tulizitumia kuuliza lile swali la pili, la kiasi. Mwaka 2023 watafiti walichukua miaka 20 ya rangi kutoka chombo kimoja, wakatazama rangi zote badala ya klorofili peke yake. Wakakuta kwamba asilimia 56 ya uso wa bahari ya dunia rangi yake imebadilika kuliko inavyoweza kuelezwa na kupanda na kushuka kwa kawaida kwa mwaka hadi mwaka, hasa katika maji ya tropiki. Klorofili yenyewe haikuwa imeonyesha hayo waziwazi. Rangi ikibadilika hivyo, yaelekea jamii nayo inabadilika. Februari 2024 ikarushwa setilaiti iitwayo PACE, inayogawa mwanga katika vipande vyembamba sana, na lengo lake mojawapo ni kutofautisha makundi ya fitoplanktoni. Nilipozisikia habari hizo nilimkumbuka yule mama. Swali lake limefika angani.

Hata hivyo setilaiti haitaona kuvu kwenye ubavu wa nyota. Haitaona maji ya bwawa dogo lililozungukwa na miti, wala kilichoko mita 10 chini ya uso, ambako Planktothrix hupenda kukaa bila kuonekana. Kwa hiyo ombi langu kwenu, wasimamizi mlioko hapa, ni la moja kwa moja. Msiwaondoe wanaohesabu. Kila bajeti ikibanwa, mtu wa hadubini ndiye wa kwanza kuambiwa mashine imechukua kazi yake. Kumfundisha mtu kutambua aina mia mbili huchukua miaka, na akiondoka haondoki peke yake, anaondoka na mfululizo mzima wa hesabu zinazolinganishika. Lund alipoanza mwaka 1945 hakujua kwamba vizazi baada yake vitazitumia karatasi zake kusoma habari za joto la dunia. Alihesabu tu, wiki hii, na wiki iliyofuata.

Na ninyi wanafunzi: mkichota maji, yahifadhini. Chupa ndogo, matone ya iodini mpaka maji yawe kahawia hafifu, tarehe, mahali, kina. Iwekeni gizani. Hata kama leo hamna wa kuwatambulia, atapatikana.

Sasa turudi mezani. Asanteni, njoeni karibu, msisukumane. Chupa ya kushoto, tazameni shingoni mwake: tayari kuna pete ya kijani, na chini yake maji yanaanza kuwa maangavu. Wamepanda wenyewe, kwa vile vifuko vya gesi. Mwishoni mwa karne ya 19 watafiti wa Ujerumani walijaza chupa ya namna hii mpaka juu, wakaifunga kwa kizibo na kukigonga kizibo kwa nyundo. Shinikizo la pigo moja lilivipasua vifuko vyote, na kijani chote kikaanza kuzama. Chupa ya kulia bado imechafuka sawasawa kutoka juu mpaka chini. Mwani wake utatua, lakini taratibu, na mpaka kesho asubuhi ndipo mtaona utando chini ya kioo. Nitaiacha hapahapa. Hadubini mbili ziko pale dirishani, na kila moja ina tone kutoka chupa moja. Sijaandika ni ipi. Tazameni, kisha njooni mniambie ni nani.